Mi Ningeanza na Mwenye Kituo cha Tivii, Mastaa Baadae

Swali lenu la wiki hii, kwamba mtu akipewa pesa za kuanzisha kampuni mpya ya mieleka ishindane na WWE, ile kampuni kubwa kuliko zote ya mieleka Marekani, aanze kumsajili nani, najua wengi watajibu kwa majina ya mastaa, na hata mi jina la kwanza kunijia kichwani lilikua la mwanamieleka. Alafu nikatulia nikaona hapana bana. Mi wa kwanza kumtafuta hapandi ulingoni kabisa, ni yule jamaa wa suti anayepanga ratiba ya kituo cha tivii, huyo ndo nampigia magoti kabla sijanunua hata kamba za ulingo.

Kwa nini nasema hivyo? Angalia wapinzani waliozikwa na Vince McMahon, bosi wa WWE wa enzi hizo. Watu wanapenda kusema walikosa mastaa, mara hadithi zao zilikua mbovu, mara mabosi walikua wajinga, na sikatai, ujinga ulikuwepo wa kutosha tu. Ila pumzi ilikua inakatika pale pale kila mara, kwenye tivii.

Chukua Jim Crockett. Huyu jamaa alikua na kampuni yake kule Carolina, Marekani, ana Ric Flair, ana Dusty Rhodes, ana wapiganaji ambao mi mpaka leo naona walikua wanapigana mieleka ya kweli kuliko wale wa WWF (ndo jina la WWE enzi hizo). Kila mwaka sikukuu ya Shukrani Wamarekani walikua wanapata Starrcade, onyesho lake kubwa, tangu 1983. Mwaka 1987 akaamua aliuze kwa kebo, mtu analipia anaangalia kwake sebuleni. McMahon akafanya nini? Akabuni onyesho jipya kabisa, Survivor Series, akaliweka siku hiyo hiyo, alafu akawaambia watu wa kebo atakayeonyesha la Crockett asahau WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWF, ya mwaka unaofata. Sasa we ndo una kampuni ya kebo, WrestleMania III imetoka kukuingizia hela miezi michache tu nyuma, staa wao Hulk Hogan kambeba jitu Andre, utachagua nini? Karibu wote wakamkimbia Crockett, wakabaki wachache wa kuhesabu. Flair siku hiyo kapigana akachukua mkanda wa ubingwa, lakini kapigana mbele ya nani sasa!

Na haikuishia hapo. Januari 1988 Crockett ana onyesho lingine la kulipia, McMahon akarusha onyesho lake la Royal Rumble bure kwenye kituo cha USA Network usiku ule ule. Yaani mwenzako anauza maji we unagawa soda.

Sasa kisasi cha Crockett ndo mi nakipenda kuliko kitu chochote kwenye historia hii. Tarehe 27 Machi 1988, siku ya WrestleMania IV, ambayo ni ya kulipia, Crockett akarusha onyesho la bure kwenye kituo cha TBS kutoka mji wa Greensboro, na pale Flair akapigana na kijana mmoja kapaka rangi usoni, nywele zimesimama juu, anaitwa Sting. Dakika 45, hakuna mshindi. Kijana alipanda ulingoni watu wengi hawamjui vizuri, akashuka akiwa staa wa taifa zima. Rudia tena hiyo: staa katengenezwa kwa dakika 45, kwa sababu kulikua na kituo kilichokubali kumuonyesha bure muda wote huo. Kwaiyo ukiniuliza mastaa watatoka wapi, jibu langu ndo hilo.

Crockett mwenyewe hakupona lakini. Alikua ananunua ndege, ananunua kampuni za wenzake, Novemba mwaka huo huo akamuuzia Ted Turner. Na Turner alikua nani? Mwenye kituo chenyewe, TBS! Hapo ndo kampuni ya mieleka ya WCW ikazaliwa.

Hadithi ya WCW wengi mnaijua, sitaizungusha sana. Eric Bischoff, bosi wa WCW, mwenyewe ameshasimulia kwamba Turner alimuuliza tufanyeje tushindane na McMahon, akajibu nipe muda mzuri wa usiku kwenye tivii, na Turner akampa Jumatatu kwenye TNT, kituo chake kingine, saa ile ile ya Raw, kipindi cha WWF. Kipindi cha WCW, Nitro, kikaanza 4 Septemba 1995. Mwaka 1996 Hogan, ambaye sasa alikua WCW, steringi wa watoto wote duniani, akageuka adui na kuunda kundi la nWo, na kwa wiki 83 mfululizo Nitro ikawa inaangaliwa kuliko Raw. Mi hapo ndo nilikolea mieleka nikiwa mdogo, na nakiri sikuelewa kwa nini Hogan kavaa nyeusi, nilinuna kweli kweli.

Watu watasema WCW iliuliwa na Hogan na staa mwenzake Kevin Nash na mikataba yao minono, vijana kama Chris Jericho wakakata tamaa wakahamia upande wa pili. Sawa. Ule usiku wa 4 Januari 1999, mtangazaji wa Nitro anatoboa kwamba mpiganaji wa WWF Mick Foley anaenda kuchukua mkanda kule Raw, ambayo ilikua imerekodiwa mapema, anamkejeli eti hiyo ndo itajaza viti, watu wakachukua rimoti wakahamia huko huko kumuangalia Foley, alafu wao wenyewe Nitro wakamaliza kwa Hogan kumgusa Nash kwa kidole, Nash kaanguka, mkanda umebebwa. Kidole! Ukiangalia leo bado unasikia aibu.

Lakini pamoja na upuuzi wote huo, 2001 WCW ilikua imepata mnunuzi. Bischoff na wenzake walikua na wawekezaji, dili linakaribia kufungwa, alafu bosi mpya wa vituo vya Turner, Jamie Kellner, akasema mieleka haina nafasi tena TBS wala TNT. Basi. Bila muda wa tivii wawekezaji wakajitoa, na McMahon akaokota jina, kanda zote za zamani na baadhi ya wapiganaji kwa bei ya kutupa. Machi 26 Nitro ya mwisho ikarushwa, pambano la kufunga Flair na Sting, wale wale wa Greensboro.

ECW, kampuni nyingine ya mieleka, nao ni hivyo hivyo, walipata kituo cha TNN 1999, mwaka uliofata TNN ikawachukua WWF, ECW wakatolewa, Aprili 2001 wakafilisika. TNA, kampuni nyingine tena, walianza 2002 hawana tivii kabisa, wanauza onyesho kila Jumatano kwa dola 10 hivi, jamani nani analipia kila wiki? Walipopata kituo cha Spike 2005 wakapumua, 2010 wakalewa sifa wakamleta Hogan wakaenda kupigana na Raw Jumatatu, hata Mei haikuisha wako Alhamisi yao ya zamani kichwa chini.

Njoo kwa AEW sasa, kampuni mpya iliyokuja kushindana na WWE. Wanamieleka Cody Rhodes na Young Bucks (ndugu wawili) 2018 walijaza ukumbi pale karibu na Chicago, zaidi ya watu elfu 10, kwa sababu tu mwandishi mmoja alisema haiwezekani. Shangwe ile ingeisha kama sherehe ya harusi, kesho yake mnakunja viti. Kilichoifanya iwe kampuni ni Tony Khan mwenye hela za familia, na zaidi ya hapo TNT, kituo kile kile kilichowafukuza WCW. Kipindi chao, Dynamite, kimeanza 2 Oktoba 2019 siku ya Jumatano, watazamaji milioni 1.4, WWE wakawawekea kipindi chao kingine, NXT, saa ile ile wakapata laki 8 na 91 elfu, na Aprili 2021 NXT ndo wakahama wakaenda Jumanne. Mnaona kitu hapo? AEW hawakugusa Jumatatu. WWE ndo aliyeshindana nao Jumatano, na WWE ndo aliyehama.

Kwaiyo mi mpango wangu ni huu, na msinicheke. Mkataba wa tivii wa miaka mitano kwanza, na kama hawataki kuniandikia miaka mitano sianzi, narudisha pesa zenu. Saa moja tu kwa wiki, wakinilazimisha masaa matatu nakataa, Nitro ilipofika masaa matatu 1998 ikaanza kujaza takataka. Siku yoyote isipokua Jumatatu. Mastaa waliotoka WWE wasizidi wawili, na kazi yao ni kupigwa na vijana wangu, iandikwe kwenye mkataba ili mtu asije akaniletea za Hogan.

Alafu natafuta kijana mmoja ambaye hajulikani, namuweka na mkongwe dakika 45, bure, usiku ambao WWE wanauza onyesho lao kubwa. Sting yule yule wa Greensboro alipigana pambano lake la mwisho 3 Machi 2024, akiwa na AEW, anakaribia miaka 65, na akashinda, na ukumbi ulikua ule ule wa Greensboro. Flair alikuwepo.