Ufunge au uendelee wakati wa mlipuko? Hesabu siku kwanza

Ndugu, nimekuelewa: ugonjwa umeshasambaa, biashara yako ina wafanyakazi sita, na hujui uifunge au uendelee. Chukua fedha taslimu uliyonayo, gawa kwa gharama za lazima za siku moja (kodi, mishahara, umeme). Mfano, 900,000 ukigawa kwa 30,000 ni siku 30 za kujiendesha. Madeni unayodai usiyahesabu; wadaiwa ndio huwa wa kwanza kupotea. Andika leo, ungali umetulia: zikibaki siku ngapi utapunguza saa za kazi, zikibaki ngapi utafunga.

Wafanyakazi wagawe watatu watatu, zamu zisikutane hata kwenye makabidhiano. Akiugua mmoja, unabaki na kundi jingine zima. Mgonjwa usimkate mshahara, la sivyo ataficha homa. Agizo la mamlaka ya afya halina mjadala. Kabla ya kuachisha mtu kazi, muone mwanasheria.