Fangasi Anaporudi: Maswali Yenu Wiki Hii

Shikamoo daktari. Mume wangu anatumia dawa za kufubaza VVU. Ulimi umejaa utando mweupe. Nimemnunulia flukonazoli mara tatu, unaisha kisha unarudi. Fangasi amekuwa sugu? (Mama, Nkuhungu)

Marahaba mama. Kwanza nikuulize: ulinunua vidonge vingapi? Wengi wanaofika dirishani kwangu huomba "kile kimoja", cha miligramu 150 wanachopewa wanawake wenye fangasi ukeni. Kwa mdomo hakitoshi. Dawa humezwa kila siku, siku 7 hadi 14, na akisikia maumivu anapomeza basi fangasi wameshafika kooni, tiba inaweza kufika wiki tatu. Kimoja leo, kimoja mwezi ujao, kinaua walio dhaifu na kuwaachia wagumu nafasi ya kuzaliana.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni kinga yake. Utando unaorudirudi kwa mtu aliye kwenye dawa unataka apimwe wingi wa virusi na CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga. Mrudishe CTC, kliniki yake ya VVU, wiki hii. Akimaliza dozi kamili na utando bado upo, ombeni sampuli ioteshwe maabara, kwa sababu wapo fangasi kama Kandida krusei ambao flukonazoli haiwawezi tangu asili yao.

Mdogo wangu ana VVU, kichwa kinamuuma wiki ya pili, malaria hana. Hospitali wanataka kumchoma mgongoni, ndugu wanasema atapooza. (Chamwino)

Mkubalie daktari leo, tafadhali. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Maji yanayozunguka uti na ubongo hutolewa tone kwa tone yakapimwe, na kama ni fangasi wa kriptokokasi, anayeshambulia utando wa ubongo, huwa na presha kubwa. Yakipunguzwa, hata kichwa hupata nafuu. Flukonazoli peke yake ni dhaifu kwa ugonjwa huu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mshipani, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Na mwenye CD4 chini ya 200 aulizie kipimo cha damu cha kriptokokasi hata kabla kichwa hakijauma.

Nalima zabibu Mpunguzi. Nasikia dawa tunazopulizia ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, zinaleta fangasi sugu kwa watu. Kweli? (Mkulima)

Kweli, na nashukuru umeuliza. Baadhi ya viuatilifu hivyo ni ndugu wa flukonazoli, kundi moja la azoli. Fangasi aitwaye Aspergilasi huishi kwenye majani yanayooza, anaizoea dawa hapohapo shambani, kisha vumbi lake linavutwa na watu. Mapafu yenye afya humsafisha. Aliyepandikizwa figo au anayetibiwa saratani hana uwezo huo. Mwaka 2014 watafiti waliripoti Aspergilasi wa namna hiyo katika mazingira ya hapa Tanzania.

Sikuambii uache kupuliza, zabibu ndiyo ada ya shule. Badilisha makundi ya dawa, salfa iwemo, fuata kipimo cha kwenye lebo, na mgonjwa wa nyumbani asipewe kazi ya kugeuza mboji.

Fangasi sugu anaambukiza wodini? (Area C)

Yule aitwaye Kandida auris, ndiyo. Alitambuliwa Japani 2009, na hukaa kwenye vyuma vya kitanda na ngozi kwa muda mrefu. Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni ukiingia na ukitoka, na usikae kitandani kwake.