Ufa kwenye gongo la besiboli: zuia usifunguke, usiufute

Gongo la besiboli (la kuchezea, si lile la chupa) lililotoka uwanjani mara nyingi huja na ufa kwenye mpini. Kwa Wamarekani wanaokusanya magongo yaliyotumika, ufa huo ni ushahidi kwamba mchezaji alilitumia kweli, kwa hiyo anayeuziba na kuupaka rangi usionekane anaharibu mali. Kinachotakiwa ni usizidi kufunguka.

Piga picha pande zote kabla ya kugusa chochote. Kisha lipinde kidogo sana kwa mikono miwili. Ufa ukifunguka na kurudi wenyewe, gundi itashika. Usiporudi, ndani mna kibanzi kilichojikunja au uchafu, kitoe kwanza. Ukiubana kwa nguvu hivyo hivyo, gundi hukauka mbao ikiwa imevutika, na ufa mwingine huzaliwa pembeni.

Mbao nazo zinatofautiana. Ashi (mti uitwao “ash” kwa Kiingereza) hubanduka tabaka kwa tabaka kufuata pete za mwaka. Mepo (“maple”) hukatika kwa mshazari, na vipande huumana vizuri sana visipopotea vibanzi.

Gundi: tumia ya ngozi ya mnyama, ile ya maji iliyo tayari kwenye chupa. Maji ya uvuguvugu huilegeza hata baada ya miaka, kwa hiyo atakayekuja baadaye anaweza kuifungua. Gundi nyeupe ya mafundi seremala inashika vizuri, ila haitoki kirahisi. Epoksi haitoki kabisa, na supa gluu ni kavu mno kwa mbao inayocheza na unyevu, tena huacha ukungu mweupe juu.

Funika saini na chapa kwa nailoni. Ingiza gundi kwa bomba la sindano, huku ukiufungua na kuufunga ufa polepole ili iteremke hadi ncha. Ncha ndiyo watu huisahau, na hapo ndipo ufa huanza tena. Futa iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa, ukikwepa lami ya msonobari aliyopaka mchezaji ili mikono isiteleze. Zungushia karatasi ya kuokea, halafu ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa sentimita 2 au 3, ukiuvuta sawasawa. Kibano cha chuma huacha alama. Acha saa 24.

Msasa na vanishi viache dukani. Misumari na tepu za zamani pia usiziondoe: wachezaji wa enzi hizo walitengeneza magongo hivyo, na zimekuwa sehemu ya historia yake. Kwenye mpini wa mepo wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani wa miaka ya karibuni utaona tone dogo la wino, la kukagua mwelekeo wa nyuzi. Usilisugue.

Ukiuza, mwambie mnunuzi kuna gundi, aina gani, na mpe zile picha za mwanzo.