Mmeuliza: panadol na mimba, sindano ya miezi sita, siko seli, damu ya uzazi na mengineyo

Jamani inboksi imejaa, na asilimia kubwa ni vitu vinavyozunguka wasap, vingine vya kweli kabisa, vingine vimekatwa kichwa na miguu njiani. Nimechagua vile vilivyojirudia. Ombi langu ni moja tu kabla hatujaanza, mkisikia mtu anasema "utafiti umegundua" muulizeni walipimwa akina nani na wakalinganishwa na nani, maana hapo ndo penye jibu mara nyingi.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe kanikataza panadol kabisa, anasema Trump katangaza inaleta usonji kwa mtoto. Kichwa kinaniuma balaa, nifanyeje? (Dada wa Temeke)

Pole sana dada. Hiyo habari ilianzia Washington tarehe 22 Septemba 2025, Trump alisimama na watu wake wa afya akawaambia wajawazito waachane na parasetamoli, ambayo ndo hiyohiyo panadol. Sasa tafiti walizozitegemea ni zile za kuangalia tu mama gani alimeza na mtoto wa nani akapata usonji, na zina shida moja kubwa, mtu hamezi panadol bila sababu, anameza maana ana homa, ana maumivu, kuna kitu mwilini, utajuaje kilichomgusa mtoto ni dawa au ni ule ugonjwa au ni kitu cha ukoo? Waliolichimba hili vizuri ni Waswidi. Walichukua rekodi za watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kuanzia 1995 mpaka 2019, majibu yakatoka 2024, na ukiangalia juujuu kweli unaona katofauti kadogo. Ila walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, yaani mimba hii mama alimeza na mimba ile hakumeza, katofauti kote kakapotea. WHO nao wakasema siku chache baada ya Trump kwamba hakuna ushahidi wa kutegemea unaounganisha hivyo viwili.

Kwahiyo meza kwa kipimo cha kawaida, kwa siku chache. Ila kinachonitia wasiwasi kwenye meseji yako sio panadol, ni hicho kichwa. Miezi mitano ndo muda presha ya mimba inaweza kuanza kujitokeza. Nenda leo kapime presha, mkojo na malaria, na ukianza kuona maluweluwe au uso na mikono kuvimba, usisubiri siku ya kliniki, hata kama ni usiku.

SWALI: Mwanangu kashachanjwa malaria. Bado alale kwenye neti? (Baba, Busia)

Alale. Hizi chanjo mbili, RTS,S na R21, zinamwinda mdudu wa malaria kwenye ule muda mfupi toka mbu anapomwingiza mwilini mpaka anapojificha kwenye ini, wakipenya wachache tu mtoto anaumwa vilevile. R21 ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, wa Kilifi na Bagamoyo wakiwemo, ikapunguza malaria kwa asilimia 68 mpaka 75 mwaka wa kwanza kutegemea na eneo. Halafu nguvu inashuka, ndo maana kuna dozi ya nne. Angalia kadi yake kama hiyo ya nne ipo, maana wengi wanairuka, mtoto akishakuwa mkubwa safari za kliniki zinakufa.

SWALI: Kuna sindano ya kuzuia VVU mara mbili kwa mwaka, ni kweli au biashara za watu? Mume wangu anaendesha malori, kupima hataki hata kusikia. (Dada wa Tunduma)

Ni kweli dada, na mi naona ndo habari kubwa kuliko zote kwenye mambo ya VVU kwa miaka mingi. Dawa inaitwa lenakapaviri. Waliijaribu kwa wasichana na wanawake 5,338 wa Afrika Kusini na Uganda, umri miaka 16 mpaka 25, wengine wakapewa sindano kila miezi sita, wengine vidonge vya kila siku vya aina mbili tofauti. Kwenye kundi la sindano walikuwa 2,134. Walioambukizwa sifuri. Kwenye vidonge, kundi moja 39 kati ya 2,136, lingine 16 kati ya 1,068. Juni 2024 ile kamati huru inayosimamia usalama ikasema simamisheni hapohapo, kila mshiriki apewe nafasi ya kupata sindano.

Sasa mtu asije akasema vidonge ni vibovu. Walipopima damu walikuta wengi wa kundi la vidonge hawavimezi inavyotakiwa, na wewe nadhani unaelewa kwanini kuliko mimi. Kopo la vidonge linalia ndani ya pochi, mume akilikuta anauliza una nini, mama mkwe akiliona kashakuhukumu. Sindano hakuna anayeiona. Unachomwa chini ya ngozi ya tumbo, unaongezewa vidonge siku ya kwanza na ya pili tu, baada ya hapo unaweza kubaki na kinundu pale walipochoma, kinakaa kinapungua taratibu. Na lazima upimwe VVU kabla ya kila sindano. Sio chanjo, ukiacha kinga inaisha, na haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Bei ndo ilikuwa inaumiza roho, Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano na viwanda vya India ya kuitengeneza kwa kama dola 40 kwa mwaka kwa nchi 120, kuanzia 2027. Wewe usikae kusubiri. Nenda CTC, yaani kliniki ya huduma za VVU, iliyo karibu nawe uulize dawa za kinga za vidonge, ukimeza kila siku zinakulinda vizuri, na waulize pia kama wana namna ya kukufungashia bila lile kopo.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka minne ana siko seli. Kijana mmoja kaniambia wazungu wamepata dawa ya kuiponya kabisa. Inauzwa wapi? (Babu, Sengerema)

Shikamoo babu. Kijana hakukudanganya ila kakupa nusu ya habari. Mwishoni mwa 2023 Uingereza halafu Marekani walipitisha tiba inaitwa Casgevy. Wanatoa seli za kwenye uboho wa mgonjwa, wanazipeleka maabara, wanakata sehemu ya vinasaba kwa mkasi wa CRISPR, ule ugunduzi uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel 2020, halafu mgonjwa anapigwa dawa kali ya kusafisha uboho wake ndo anarudishiwa seli zake. Kati ya wagonjwa 31 walioangaliwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Ni kazi kubwa sana. Lakini ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, imepitishwa kwa kuanzia miaka 12, na mjukuu wako ana minne.

Sasa babu nisikilize hapa, maana hii sehemu ndo inayonikera kwamba haisambai wasap. Ipo dawa ya zamani ya vidonge, haidroksiyurea, ilianza kama dawa ya saratani. Inachofanya kwa njia yake ni karibu kilekile Casgevy inachotafuta, inaamsha ile damu ya kitotoni, damu tuliyokuwa nayo tumboni kwa mama, ambayo haipindi kuwa mundu. Wazungu walishaitumia miaka mingi ila huku watu waliogopa, wakasema inashusha kinga, mtoto wa Afrika mwenye malaria mlangoni itammaliza. Ikabidi ipimwe hukuhuku. Watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale wakaanzishiwa, majibu yakatoka 2019, na yalienda kinyume kabisa na ile hofu. Malaria ilishuka kwa nusu, maumivu yakashuka zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukashuka mpaka theluthi moja ya ilivyokuwa. Vifo, kwa hesabu ya watoto 100 kwa mwaka, vilitoka 3.6 vikawa 1.1. Kwa vidonge tu babu.

Kwahiyo usiuze shamba kutafuta mkasi wa vinasaba. Mpelekeni mjukuu hospitali kubwa yenye kliniki ya selimundu, ndo hiyohiyo siko seli, Bugando kwa mfano, muulize kwa jina hilohilo: haidroksiyurea. Wakimwanzishia wataanza na kipimo kidogo na wataangalia wingi wa damu kila baada ya muda, msiruke hizo tarehe, maana dozi ikizidi chembe za damu zinashuka. Akipata homa ni siku hiyohiyo hospitali. Na kama ana kaka au dada wa baba mmoja mama mmoja, ulizia pia habari za kupandikiza uboho wa huyo ndugu, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu mwaka 2023.

SWALI: Dada yangu alijifungua salama, mtoto salama, saa moja baadaye tukaambiwa damu nyingi imetoka amefariki. Nesi mmoja alisema "haikuonekana nyingi". Inawezekanaje damu ya kuua mtu isionekane? (Kaka, Morogoro)

Kaka, pole kutoka moyoni. Swali lako ndo swali ambalo watafiti walijiuliza, na nitakujibu kwa kirefu maana una haki ya kujua.

Damu ya uzazi inakadiriwa kwa macho. Inaingia kwenye kanga, kwenye godoro, kwenye pamba, inachanganyika na maji ya uzazi, inadondoka sakafuni, na mkunga pengine yuko peke yake na akina mama wanne. Jicho linapunguza. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida kwenye utafiti ninaotaka kukueleza, karibu nusu ya wanaotoka damu kupita kiasi hawakutambuliwa kwa wakati.

Utafiti unaitwa E-MOTIVE. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama zaidi ya 200,000, majibu yalitoka Mei 2023. Kifaa chenyewe ni shuka la plastiki analalishwa mama, mbele limeshonwa mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, mpana juu mwembamba chini kama kikaratasi cha muuza karanga, damu yote inaingia humo, na pembeni kuna mistari ya mililita. Damu ikigusa 500, au ikipita 300 na mama ana dalili mbaya, hamna kuitana wala kubishana, mambo yote yanafanyika kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya oksitosini inayoukaza huo mfuko, dawa ya traneksamiki inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, dripu, na kumkagua mama kama amechanika au kondo limebaki. Zamani walikuwa wanafanya moja wanasubiri, ikishindikana wanaenda la pili, na dakika zinakwenda. Hospitali zilizofuata huu mpango zilitambua asilimia 93 ya akina mama waliotokwa damu, na yale matokeo mabaya, yaani damu kupita lita moja, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu au kufa kwa damu, yakatoka asilimia 4.3 kwenye zile za kawaida mpaka 1.6.

Oktoba 2025 WHO wakabadili mwongozo, wanasema mkunga achukue hatua kuanzia mililita 300 kama mapigo ya moyo au presha vimebadilika, asisubiri 500. Kwa dada yako nimechelewa kukuandikia haya. Ila kama kuna mwanamke mwingine nyumbani anakaribia kujifungua, waulizeni mapema pale mtakapompeleka kama wanapima damu kwa shuka lenye mistari au kwa macho. Lina gharama ndogo, na Watanzania wenzetu wameshiriki kuthibitisha kwamba linafanya kazi.

SWALI: Kijana wangu yuko kidato cha tatu, amejifungia, hali chakula, anasema amechoka kuishi. Daktari wa akili ni pesa nyingi na yuko Nairobi. Majirani wanasema nimpeleke kwa maombi. (Mama, Kwale)

Mama, kwanza hilo la "kuchoka kuishi". Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamtua mzigo. Akisema ndio usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na vidonge vyote nyumbani, mpeleke hospitali ya kaunti leo, sio Jumatatu. Na usiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba. Maombi yaendelee, hayagombani na hospitali.

Baada ya hapo, sio kila msaada unahitaji daktari wa akili. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, familia ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Akaanza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsikiliza mtu, wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Walipopima Harare kwa watu 573, majibu yakatoka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, kwa waliokaa na bibi ni asilimia 14, na kwa wale wa huduma ya kawaida ni 50. Siku hizi mabenchi yapo mpaka Zanzibar. Nairobi nako mpango unaoitwa Shamiri uliwatumia vijana waliotoka sekondari juzijuzi tu, wakawaongoza wanafunzi 413 kwa vikao vinne, kundi lingine likafundishwa mbinu za kusoma. Waliopata Shamiri walipungukiwa sonona zaidi, na miezi saba baadaye tofauti bado ipo. Uliza shuleni kwake kama wana mpango wa aina hiyo, na wewe kaa naye jioni, hata kama haongei.

SWALI: Jirani yangu yumo kwenye majaribio ya chanjo ya TB. Si anafanywa panya wa maabara? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, ila maswali aulize. Chanjo yenyewe ni M72, inajaribiwa tangu 2024 kwa watu kama 20,000 Afrika Kusini, Kenya, Zambia, Malawi na Indonesia. Jaribio la awali lilizuia karibu nusu ya TB ya mapafu kwa watu wazima ambao tayari wana vimelea vimelala mwilini, na BCG, chanjo ya TB tunayoitumia, ni ya mwaka 1921, kwa hiyo hamu iliyopo unaweza kuielewa. Nusu wanachomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na jirani hajui kachomwa ipi, wala watafiti wanaomfuatilia hawajui. Bila hilo kundi la pili hutajua kitu. Jirani ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, ana haki ya kujua nani anagharamia akiumia, na ana haki ya kuwa na nakala ya ile fomu ya ridhaa aliyosaini. Kama hana nakala arudi akaidai, na kwenye hiyo fomu kuna namba ya simu ya kamati ya maadili, sio ya watafiti, anaweza kuipiga mwenyewe.