Geji inasoma 15 lakini spora hazifi: angalia hewa iliyobaki ndani

Ndugu wa Kabale, umeeleza kwamba otoklevu yenu ya kuweka juu ya jiko (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) inafika pauni 15 kwa inchi mraba, mnahesabu dakika 30, na bado kipimo cha spora, yaani mbegu za bakteria zinazostahimili joto, kinaota, maana yake hazikufa. Kabla ya kulaumu geji, angalia hewa.

Geji hupima mapigo ya molekuli zote, za mvuke na za hewa pamoja. Joto la kuua vijidudu linafuata presha ya mvuke peke yake. Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na presha ya nje ni kama kilopaskali 80. Geji husoma ziada juu ya hiyo ya nje, basi jumlisha 103 za geji (ndizo zile pauni 15), unapata 183. Mvuke mtupu wa presha hiyo una nyuzi 117 na nusu, tayari haufiki 121 zinazotakiwa kuua spora. Ukifunga vali bila kutoa hewa kabisa, hewa inashika zaidi ya nusu ya hiyo 183, na ndani mna nyuzi 95 hivi tu!

Balaa kubwa liko kwenye uso wa vifaa. Mvuke wa nyuzi 100 hugonga kila mita mraba kwa karibu kilo 97 kwa sekunde, kwa hiyo mvuke safi hauna shida kufikisha joto. Molekuli ya maji ikigusa mkasi wa baridi inanasa, inakuwa tone na kuachia joto lake. Ya hewa inadunda, lakini mvuke unaokuja nyuma unairudisha palepale, hadi hewa inarundikana na kuufunika mkasi kama blanketi. Katika mvuke uliotulia, hewa ya nusu asilimia tu kwa uzito yaweza kupunguza joto linalopita kwa karibu nusu.

Kwa hiyo acha vali wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika, kisha hesabu dakika 10 ndipo uifunge. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inakaa chini. Hakikisha mrija wa vali umefika karibu na kitako cha ndoo ya ndani na haujaziba. Bakuli zilale ubavu, maana zikisimama zinashika hewa. Vifurushi visibanane.

Kwa mwinuko wenu, 121 inataka pauni 18. Kama chombo hakikutengenezwa kwa presha hiyo, msikilazimishe: bakini 15, dakika 30 ziwe kama 70, zikihesabiwa baada ya geji kufika. Kipimo cha spora kiwekeni katikati ya kifurushi kikubwa kabisa, chini, si juu karibu na mfuniko.