Wajue kwanza habari inavyotengenezwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza: "Vijana wafundishwe nini ili wasipotoshwe na habari wanazopata kwenye simu?" Jibu langu ni kwamba wafundishwe kwanza jinsi habari inavyotengenezwa, ndipo wafundishwe kuitambua ya uongo. Nasema haya nikiwa mwalimu wa sekondari niliyewahi pia kuwa karani wa uchaguzi. Katika maisha yangu sijaona habari iliyowavuruga Wakenya kama zile za Agosti 2022, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kweli.

Tulipiga kura Jumanne, tarehe 9. Safari hiyo tume ya uchaguzi, IEBC, ilifanya jambo la kupongezwa: iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za urais za kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye simu na bando aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kuisoma. Ila zile zilikuwa picha tu, hazikuwa na jumla. Aliyetaka jumla alilazimika kusoma mwandiko wa msimamizi wa kituo na kuingiza namba mwenyewe, fomu baada ya fomu. Vyumba vya habari vikaweka watu wa kufanya kazi hiyo usiku na mchana. Kufikia Jumatano, ukibadilisha stesheni ya runinga unamkuta mgombea urais William Ruto anaongoza huku, na mpinzani wake Raila Odinga anaongoza kule.

Kwenye matatu na sokoni maneno yalikuwa yale yale: stesheni moja kati ya hizo inadanganya. Wengine wakasema zote zimenunuliwa. Watu waliosoma, wenye shahada zao, walituma picha za skrini mbili zikiwa sambamba na kuandika chini yake kwamba huo ndio ushahidi wa wizi.

Fikiria kazi ilivyokuwa. Karani wa stesheni moja akianza na fomu za Siaya na Homa Bay, ngome za Odinga, Odinga atakuwa mbele kwa mbali. Mwenzake wa stesheni nyingine akianza na Kericho na Bomet, ngome za Ruto, Ruto ndiye atakayeongoza. Wote wawili wanasoma fomu halisi na wote wanaandika namba sahihi. Kinachotofautiana ni fomu zipi zimeingia na zipi bado. Mnunuzi wa mahindi anayejua kazi yake hachoti juu ya gunia tu akaridhika. Huchoma bambo, kile kichuma cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, pande kadhaa. Namba za runinga usiku ule zilikuwa zimechotwa kila moja upande wake wa gunia, na watazamaji hawakuambiwa ni upande gani.

Kuna hesabu moja ambayo huwapa wanafunzi wangu. Matokeo ya mwisho, yaliyotangazwa tarehe 15 Agosti, yalimpa Ruto kura 7,176,141 na Odinga kura 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Igawanye kwa vituo 46,229: unapata kura tano hivi kwa kila kituo, na kituo kimoja kiliruhusiwa kuwa na wapiga kura hadi 700. Mbio zikiwa karibu kiasi hicho, ni lazima anayeongoza abadilike kila mara kutegemea fomu zipi zimetangulia. Darasa hunyamaza hapo, kisha mmoja huuliza mbona runinga hazikusema hivyo. Ni swali zuri kuliko lolote ninaloweza kuwaandikia ubaoni.

Kweli, mbona hazikusema? Pembeni mwa skrini palikuwa na asilimia ya vituo vilivyohesabiwa, lakini asilimia haikuambii ni vituo vya wapi. Mstari mmoja tu wa kutaja kaunti zilizokwisha kuingizwa na zinazosubiri ungepunguza hofu nyingi. Hili nawadai wanahabari, siyo watazamaji peke yao. Elimu ya habari isigeuzwe kuwa mzigo wa msomaji huku mtangazaji akiachwa afanye apendavyo.

Zikaja pia picha za fomu zenye namba zilizokatwa na kuandikwa upya, zikitembezwa kama ushahidi kwamba kura zimepikwa. Anayejua kinachotendeka kituoni usiku hashtuki kwa picha ya namna hiyo. Kura huhesabiwa mbele ya mawakala wa vyama, msimamizi amekesha tangu alfajiri, naye anaandika kwa mkono. Nakala ya matokeo hubandikwa mlangoni, na mawakala hupewa zao. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu fomu yenye namba iliyokatwa ni kama inalingana na nakala hizo nyingine. Ndivyo ilivyofanya Mahakama ya Juu: iliagiza fomu asili zilinganishwe na zile za tovuti, na katika uamuzi wake wa tarehe 5 Septemba ikasema haikupata tofauti za maana. Unaweza kumuunga mkono yeyote unayemtaka na bado ukaona ubora wa njia hiyo ya kutafuta ukweli.

Sikatai kwamba uongo wa makusudi upo. Kabla ya uchaguzi wa 2017 ilisambazwa video iliyoigiza kipindi cha Focus on Africa cha BBC, na BBC wenyewe wakaikana. Uongo wa namna hiyo una dawa: nenda kwenye chombo kinachodaiwa kuutoa uangalie kama ni chao. WhatsApp nayo imepunguza kasi. Tangu 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Haya ni mazuri. Lakini kijana aliyefundishwa kusaka uongo peke yake ataishia kuona uongo kila mahali, na huyo ni rahisi kumpotosha kama yule anayeamini kila kitu, maana ukimletea ukweli pia ataukataa.

Mtaala wetu wa umilisi umeweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa kimsingi. Ninachohofia ni kwamba shuleni tunaufupisha uwe kuwasha kompyuta na kuandika kwenye kibodi. Ningependa kila shule iwape wanafunzi kazi ya kuandaa taarifa moja wenyewe: wahesabu kura za uchaguzi wa viranja, vikundi viwili vikianzia madarasa tofauti, na kila kikundi kitangaze matokeo kila baada ya dakika tano. Watagombana, nina hakika. Mwalimu asiwakatize upesi. Awaache wabishane mpaka mmoja wao aombe kuona orodha ya madarasa ambayo wenzake wameshahesabu.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wengi walio sekondari sasa watakuwa na kura yao ya kwanza siku hiyo. Zoezi hilo linahitaji karatasi, sanduku na alasiri moja, na linaweza kufanyika muhula huu.