Kwa Askari Mgeni Anayehamishiwa Lamu

Barua ya uhamisho ikikutajia Lamu, wenzako watakusimulia habari za msitu wa Boni na za vilipuzi vinavyotegwa barabarani, na hawatakuwa wanakudanganya. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, na operesheni ya Linda Boni, iliyoanzishwa mwaka uliofuata kuwasaka wanamgambo wa al-Shabaab msituni, yameacha jina la kaunti hii likitajwa kwa sauti ya chini katika kila kambi ya polisi. Nami nilifika na hofu hiyo hiyo. Hata hivyo, katika miaka niliyohudumu baina ya kisiwa cha Lamu, mji wa Hindi ulioko bara, na Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, adui aliyenikaribia kuliko wote alikuwa uchovu wangu mwenyewe.

Alfajiri moja, baada ya zamu mbili mfululizo kwa kuwa wenzetu wawili walikuwa wamelala na malaria, nilirudi kambini na kuanza kuitoa bunduki risasi. Utaratibu ule nilikuwa naujua hata gizani: magazini hutoka kwanza, ndipo chemba hufunguliwa na kukaguliwa. Siku ile nilivuta kwanza, nikatoa magazini baadaye, kisha nikafyatua nikiamini kwamba chemba haina kitu. Risasi ilizama katika magunia ya mchanga, hatua chache tu kutoka kwa mpishi aliyekuwa ameinama akipuliza moto wa chai. Mkuu wetu alinikemea, kama ilivyompasa, na kisa kikaandikwa katika kitabu cha matukio, lakini hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimelala muda gani. Wala mimi sikusema, maana katika kambi ile kutamka kwamba umechoka kulihesabiwa kuwa ulegevu.

Ndiyo sababu nakusihi uuchukue usingizi kuwa sehemu ya silaha zako. Mtu aliyekesha saa 24 huamua mambo kama aliyelewa, ila yeye hanuki pombe, na kwa hiyo hakuna anayemzuia kuingia zamu au kushika usukani. Lala kabla ya zamu ya usiku hata kama ni mchana na jua linawaka, tundika chandarua hata katika miezi ambayo mbu huonekana kuwa wachache, na usiitegemee miraa wala muguka kukuweka macho, kwa sababu vyote viwili huahirisha usingizi tu, na deni lake hulipwa ukiwa kizuizini barabarani saa kumi za usiku. Ukiona huwezi tena, mwambie mkuu wako mbele ya shahidi, kwa heshima na kwa maneno machache.

Wengi wetu tulifundishwa Kiganjo, katika baridi ya Nyeri, na mwili uliozoea kule hauijui Lamu. Ndani ya fulana ya kuzuia risasi, chini ya jua la Hindi, jasho hukumaliza maji mwilini kabla kiu haijakuonya. Basi kunywa maji kwa saa, si kwa hamu, na mkojo ukiwa wa rangi ya chai ujue umechelewa. Upande wa Kiunga na vijiji vya msituni, maji mengi ni ya mvua yaliyohifadhiwa katika jabia, nayo yafaa kuchemshwa.

Bahari nayo hatukuifundishwa. Katika kusi, hasa Juni na Julai, mawimbi huweza kuipindua boti ndogo, na askari asiyejua kuogelea aliyejifunga fulana nzito amejifunga nanga. Ukipanda chombo, vaa jaketi la kuokolea, legeza kamba za buti, na umtii nahodha, hata kama wewe una cheo naye ana kikoi. Jambo hili linagusa sheria pia. Katiba, katika Ibara ya 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeangukia nje ya saa za kazi. Sasa kadiria safari ya kutoka Kiunga hadi mahakama ya Lamu, bahari ikiwa imechafuka. Panga chombo kabla ya kwenda kukamata, la sivyo utamkimbiza mahabusu baharini kwa haraka ambayo ndiyo huzamisha watu.

Barabarani, badilisha saa na njia za doria kila inapowezekana, maana anayetega kilipuzi huanza kwa kusoma mazoea yako. Kikilipuka, usikimbilie majeruhi bila kutazama ardhi, kwani mara nyingi cha pili huwa kimetegewa waokoaji. Jifunze kufunga mkono au mguu unaovuja damu nyingi: kaza upande wa juu wa jeraha, kati yake na kiwiliwili, wala si kwenye kiwiko au goti, andika saa uliyokaza, na usilegeze hadi mganga afike.

Kuhusu wenyeji nitasema machache. Msalimu mzee kabla ya kumwuliza kitambulisho, na usiwaite Waaweer, wenyeji wa msitu wa Boni, wote wenzi wa magaidi kwa sababu tu wanaujua msitu. Kwao ndiko habari hutoka, na huwafikia wale tu waliowaheshimu.

Baada ya tukio la damu, usijifungie chumbani na chupa ukiwa na bunduki. Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha. Ukiona aibu kukiendea, anza na mwenzako mmoja unayemwamini, na umwombe akuwekee silaha yako ghalani kwa siku hizo. Nimewahi kuombwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda ghalani bila kuuliza neno.

Nilipokabidhiwa kituo kidogo, nilichora safu moja zaidi katika daftari la zamu, nikaiandika "amelala". Vijana walicheka, wakaniita yaya. Nilipohama nililiacha daftari juu ya meza, na aliyenirithi aliponipigia simu baada ya miezi miwili, alitaka kujua iwapo usingizi wa ndani ya boti nao unahesabiwa.